Mama Alipokula Mbele Yetu

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja katika landi za reli, mjini Nakuru. Landi ni zile nyumba za safu walizojengewa wafanyakazi wa reli, bati moja refu likifunika familia nyingi, na ukuta mwembamba usiozuia kikohozi cha jirani. Kazi ya baba ilikuwa kupaka grisi magurudumu ya mabehewa. Jioni alirudi mikono ikiwa myeusi hadi viwikoni, akanawa nje kwa sabuni na mchanga, na hapo ndipo chakula kilipopakuliwa.

Nieleze kwanza jinsi tulivyokaa kula, kwa sababu mambo yote yaliyotokea baadaye yalianzia hapo.

Baba alikula mezani. Kaka yangu mkubwa alikaa kando yake juu ya sanduku, akila kimya kama mtu mzima. Mimi na mdogo wangu, msichana kama mimi, tulikula chini kwenye mkeka, sahani moja kati yetu. Baba hakumaliza chakula chake. Aliacha makusudi kipande cha nyama au mchuzi kidogo chini ya bakuli, akalisukuma bakuli upande wa kaka, na kaka akatuletea. Lile bakuli tulilipenda kuliko sahani yetu wenyewe. Hivyo ndivyo baba alivyotuonyesha mapenzi, na sijui kama alikuwa na njia nyingine.

Mama hakula mahali popote. Ninasema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyoona. Alipakua, akageuka, akainama kwenye jiko lililokuwa pembeni nyuma ya pazia, na tulipomaliza sufuria ilikuwa tayari imeloweshwa maji. Ukimwuliza kama amekula, alijibu kwamba amekula. Tulimwamini, lakini sikuwahi kuona tonge likiingia kinywani mwake.

Na hata angekula mbele yetu, tusingemwangalia. Watu wa kwetu magharibi walimfundisha mtoto mapema kwamba kuutazama mdomo wa mtu mzima anayekula ni tabia mbaya. Ukijisahau ukakodoa macho, baba alikuuliza taratibu, "Unahesabu matonge yangu?" Nawe ukainamisha uso hadi karibu na sahani. Tulikua tukijua mikono ya wazazi wetu, migongo yao na sauti zao, lakini jinsi wanavyotafuna hatukuijua.

Kulikuwa na jambo lingine. Kwetu mwanamke hakula kuku, na hakula yai. Nyama ya kuku ilikuwa ya baba na wageni wake, firigisi ikiwekwa juu kabisa ya bakuli ili mwenyewe aione. Wasichana tuliambiwa kwamba anayekula yai hatapata mtoto. Lakini nataka uelewe vizuri kwamba si maneno hayo yaliyotuzuia. Mtoto wa miaka minne hajali habari za kuzaa. Kilichotuzuia ni sura ya mama. Alipomkaangia baba yai, alilivunja akiwa amegeuza uso pembeni, amebana pumzi, kisha akanawa mikono kana kwamba ameshika kitu kilichooza. Nilimwona akifanya hivyo tangu nilipojua kuona. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yai linanuka, lakini kwangu lilinuka, na mdogo wangu naye vilevile.

Mayai yenyewe yalitoka kwa kuku mmoja mwenye madoadoa aliyelala chini ya kitanda cha baba na mama. Aliletwa kwa gari moshi na nyanya, mama yake baba, ndani ya kikapu cha kusukwa, kama zawadi ya kumkumbusha mwanawe nyumbani. Nyanya alisema kuku huyo aongezeke, na yai moja moja apikiwe mwenye nyumba anayefanya kazi nzito. Kwa hiyo kila aliyekuwa humo ndani alijua kwamba kuku ni wa nyanya na mayai ni ya baba.

Kisha ukaja wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Kabla ya hapo kulikuwa na mama mmoja kutoka upande wa Bahati aliyepita landi kila asubuhi na mzigo mgongoni, kamba ikiwa imembana paji la uso. Alituuzia maharagwe mabichi, majani ya kunde, na maziwa kwenye kibuyu. Siku moja watu wa kabila lake walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kwao, hata wale waliozaliwa hapa Bonde la Ufa na wasiojua kwao kwingine. Hatukumwona tena. Mama alisimama mlangoni asubuhi nyingi, bakuli mkononi, kana kwamba amechelewa tu. Baada ya hapo tulikula posho ya unga aliyopewa baba kazini, tukanywa chai ya rangi yenye sukari, na mboga ikawa ya kubahatisha.

Mwaka huohuo mama akajifungua mtoto wa kiume. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Mama alijipaka shubiri kwenye matiti ili mdogo wangu achukie kunyonya, kama walivyofanya wanawake wote, naye akachukia. Alipewa uji wa mahindi na ile chai. Alikuwa mnene wakati huo, na watu walisema ameachishwa vizuri.

Unene ule haukuwa unene. Wazazi wa siku hizi wamefundishwa kuutambua, lakini sisi tulidhani ni afya. Miguu yake ilivimba, ukiibonyeza kwa kidole kishimo kinabaki. Nywele zake zilikuwa nyeusi kama zangu, zikawa nyepesi na nyekundunyekundu, zikang'oka kwenye kitana. Ngozi ya mapaja ikaanza kubanduka. Na alinyamaza. Hicho ndicho kilichomtisha mama kuliko uvimbe, kwamba mtoto aliyekuwa akipiga kelele kutwa sasa alikaa kwenye mkeka akitazama ukuta, hata ukimpokonya kitu asilie.

Alilazwa hospitalini, mama akiwa naye, kichanga mgongoni. Mimi nilibaki nikiwapikia baba na kaka. Walipomrudisha nyumbani uvimbe ulikuwa umepungua kidogo. Muuguzi alikuwa amemweleza mama polepole kwamba mtoto huyu hana ugonjwa wa kurogwa wala wa kuambukizwa, mwili wake umekosa chakula cha kuujenga. Apewe yai kila siku, maziwa, na maharagwe yaliyopondwa. Asipokula hivyo atarudi, na watoto wakirudi hali ikiwa vile huwa hawatoki tena. Mama alituambia maneno hayo akiwa amesimama, bado hajamweka mtoto chini.

Kwa hiyo tulijua. Chakula cha kumponya kilikuwa ndani ya nyumba, chini ya kitanda, kikitagwa kila asubuhi. Ila mtoto hakukitaka.

Alifunga mdomo. Baba alimwomba mfanyakazi mwenzake aliyesafiri na magari ya mizigo amletee maziwa kutoka mashamba ya Rongai, nayo yalifika ndani ya chupa iliyozibwa kwa gunzi. Mtoto aliyaacha yatiririke kidevuni. Yai la kuchemsha, mama alilishika kwa ncha za vidole, uso pembeni, akalisogeza karibu na mdomo wa mtoto, na mtoto naye akapeleka uso wake pembeni. Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Waliugeuza uso kwa namna moja, mama na mwanawe, kama mtu na kivuli chake.

Mama akajaribu njia ya zamani. Alimlaza mtoto mapajani, akambana pua, akakunja kiganja kama mfereji mdogo na kumimina uji wenye yai hadi kooni. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyolishwa, na waliotulisha hawakuwa wakatili. Walikuwa watu wenye hofu. Lakini mtoto alipaliwa, akageuka rangi, macho yakapinduka. Baba aliinuka mezani akamshika mama mkono.

"Wacha," alisema. "Utamwua kwa chakula."

Mama alimfuta mtoto, kisha akatoka nje akakaa kizingitini. Hakulia. Siku kadhaa zilizofuata hakumlazimisha tena, akampa ule uji mtupu na chai, na miguu ikaanza kuvimba upya.

Niliyoyaona baadaye yalitokea mchana, baba akiwa kazini na kaka akiwa shule. Mama alikuwa nyuma ya pazia akikwangua ukoko wa ugali chini ya sufuria. Hicho ndicho alichokula siku zote, ukoko na mabaki, ndiyo sababu sufuria ilikuwa safi kila mara. Mdogo wangu alikuwa amejivuta kwa makalio kutoka kwenye mkeka hadi pale, kwa kuwa kutembea alikuwa ameacha. Aliinua pazia. Akamwona mama anatafuna.

Mama aliuficha mdomo kwa mkono, kwa mazoea. Mtoto akanyoosha mkono wake, akaondoa mkono wa mama, akatia kidole katikati ya midomo ya mama na kuchukua kipande cha ukoko kilichokuwa kimebaki hapo. Akakiweka kinywani mwake. Akatafuna kama mama alivyotafuna.

Mama hakusogea. Alikwangua kipande kingine, akakila polepole huku mdomo ukiwa wazi, na mtoto akachukua kingine. Walikula hivyo mpaka ukoko ukaisha.

Jioni ile mama alizungumza na baba akiwa bado ananawa mikono. Alimwambia kwamba mtoto hawezi kula kitu ambacho hajaona mama yake akikila, na kwamba anataka kula mayai. Baba aliendelea kusugua mchanga kati ya vidole. Ombi lile halikuwa dogo. Mke anayekula mayai alikuwa kichekesho, na mume wake kichekesho zaidi.

"Kuku ni wa mama yangu," baba alisema mwishowe.

"Hata mtoto ni wa mama yako."

Baba alijimwagia maji mikononi, akayakung'uta. Akasema basi apike.

Kesho yake, mchana, mama alichemsha yai, akalimenya, akaleta sahani mkekani. Hakuwahi kukaa kula pale. Alituita mimi na mdogo wangu tukae mbele yake, na mimi nikainamisha uso kama nilivyofunzwa.

"Leo mniangalie," alisema. "Mniangalie mdomoni."

Alikata kipande kidogo, akakitia chumvi, akakiweka kinywani. Niliona koo lake likikataa. Shingo ilijikaza, machozi yakamtoka, akageuka akakitapika ndani ya kopo la majivu. Akasukutua. Akarudi akakaa. Akakata kingine, akakifunga ndani ya tonge la ugali, akatafuna huku anamtazama mtoto, na safari hii kikashuka. Akajitahidi kutabasamu. Halikuwa tabasamu zuri, lakini mtoto hakujua tofauti. Alitambaa hadi mapajani mwa mama, akatia kidole mdomoni mwake kutafuta.

Mtoto hakula yai zima siku hiyo. Alikula kama kucha ya kidole gumba. Siku iliyofuata akaongeza. Mama naye alikula kila siku, na kila siku alitamani kutapika, na ilichukua muda mrefu kabla koo lake halijatulia. Mimi alinipa kipande mara ya kwanza bila kuniambia neno, akaniwekea tu pembeni mwa sahani. Nilikila kwa sababu niliona anavyohangaika kula chake, nikaona haya kumwacha peke yake.

Akina mama vijana hapa mtaa wa Section 58 ninakoishi sasa huniuliza mara nyingi kwa nini watoto wao wanakataa mboga, na wengine wanaona aibu kuuliza, kana kwamba wameshindwa kulea. Huwa nawaambia wasijilaumu. Nawaambia wakae chini na mtoto, wale chakula kilekile, kwa saa ileile, bila kumfokea na bila kumbembeleza kupita kiasi, wampe siku nyingi. Mtoto anasoma uso wa mzazi kabla hajaonja chakula. Sikulipata hilo darasani. Nililiona kwenye mkeka, mama akimeza kitu ambacho mwili wake wote ulikuwa umefunzwa kukikataa.

Habari zilienea landi, kama zilivyoenea habari zote. Kwenye mfereji wa maji wanawake walimpisha mama kwa heshima ya mzaha. Mmoja alimwambia, "Jirani, ukitaka kutaga tuambie mapema tukutandikie majani."

Mama alitia debe lake chini ya bomba. "Nikitaga nitawaletea vifaranga mnilelee," alijibu, na wote wakacheka, yeye pia. Lakini alianza kuchota maji mapema, kabla wengine hawajafika.

Mdogo wangu alianza kusimama kwa kushikilia meza. Ikarudi sauti yake, kwanza ya kulalamika, na sisi tuliifurahia kama wimbo. Ndipo nyanya akaja.

Alikuwa amesikia kwamba mjukuu ni mgonjwa. Alishuka kwenye gari moshi na kikapu cha karanga, ufuta na samaki wakavu, miguu ikiwa imevimba kwa safari. Alimchukua mtoto, akamgeuza huku na huku, akabonyeza mguu wake kwa kidole na kukitazama kile kishimo muda mrefu. Kisha akamwona kuku wake akitoka chini ya kitanda.

Alimwuliza mama kama kuku anataga, mama akasema anataga. Akauliza vifaranga viko wapi. Mama akasema mayai anakula mtoto.

"Na nani mwingine?"

"Na mimi, mama."

Nyanya alicheka kidogo bila furaha. Alimgeukia baba, akamwambia kwa sauti ya utani iliyokuwa na makali, "Kumbe ng'ombe wetu wa mahari walituletea nguchiro." Nguchiro ndiye anayeiba mayai na kuyapasua kwenye mawe. Baba alitazama sakafu. Mama aliendelea kusonga ugali.

Mchana uliofuata mama alileta sahani mkekani kama kawaida. Nyanya alipoona kilichomo aliinuka, akachukua ungo wake wa karanga, akatoka kwenda kukaa nje ukutani. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kumpenda sana nyanya, maana alilala naye na kubebwa naye kutwa. Alimtazama mama anayetafuna, akatazama mlango, akaona mgongo wa nyanya. Kipande cha yai kilikuwa mkononi mwake. Alikiweka chini, akatambaa kumfuata.

Ikawa hivyo kila siku. Mama alijaribu kumlisha mtoto wakati nyanya ameenda mferejini, lakini alifunga mdomo na kuelekeza kidole mlangoni. Alikuwa amejifunza kwamba hiki ni chakula ambacho watu hukikimbia. Jambo lililotuchukua wiki kulijenga, mgongo mmoja ulilibomoa, tena mgongo wa mtu aliyempenda. Karanga za nyanya zilizotwangwa alikubali kulamba kidogo, lakini hazikutosha. Akaacha kushika meza. Akarudi kukaa akitazama ukuta.

Baba aliona. Mama alimwomba azungumze na mama yake, naye akasema kwamba hawezi kumwambia mama yake lini akae na lini atoke. Simlaumu. Mtu mzima mbele ya mzazi wake anarudi kuwa mtoto, na hilo nalo lilifunzwa mezani.

Kwa hiyo mama alikwenda mwenyewe. Nyanya alikuwa nje ukutani akimenya karanga, nami nikimsaidia. Mama alikuja akakaa chini kwenye udongo, mahali palipokuwa chini kuliko kigoda cha nyanya, kichanga kikinyonya.

"Mama, mtoto ameacha kula."

"Nimeona."

"Anakufuata wewe."

"Mimi simwiti."

"Najua humwiti, mama."

Nyanya alipasua ganda. Alisema kwamba yeye hatakula kitu kile, amezeeka bila kukionja na atazikwa bila kukionja, na mtu yeyote asimfundishe kula leo.

"Sikuombi ule, mama," mama alisema. "Nakuomba ukae."

Nilidhani nyanya atakasirika. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Gari moshi lilikuwa likipanga mabehewa kule stesheni, yakigongana moja baada ya jingine, na nyanya alingoja mpaka kelele ile ikapita.

"Unafikiri natoka kwa sababu nimechukia," alisema. "Nilizika watoto, mwanangu. Miguu ilivimba hivi hivi, nywele zikawa hivi hivi. Na kuku walikuwa wakitaga chini ya ghala, nikiwapelekea wanaume. Sasa nikikaa nimwone huyu anapona kwa yai, wale wangu nitawaambia nini?"

Mama alimwambia kwamba wakati ule hakuna aliyemweleza, kwamba hata yeye asingejua kama si yule muuguzi.

"Hilo haliwarudishi," nyanya alisema.

"Haliwarudishi, mama. Lakini huyu bado yupo."

Nyanya alichukua karanga nyingine, akaimenya, akaiweka mkononi mwangu badala ya kwenye ungo. Mama aliinuka akaenda kuwasha jiko.

Mchana ule sahani ilipoletwa, nyanya alivuta kigoda chake hadi ukingoni mwa mkeka. Alikaa. Mgongo wake ulikuwa umenyooka na mikono imefungana mapajani, kama mtu aliye kwenye mazishi. Mama alikata yai, akatia chumvi, akala. Mimi nikala. Mdogo wangu alimtazama nyanya, akatazama mlango, akamtazama nyanya tena. Nyanya hakuinuka. Macho yake yalikuwa yamejaa maji lakini hakuyafumba, hakuyageuza. Mtoto alikaa hivyo muda mrefu, anasoma uso ule mzee, na sisi wote tukaacha kutafuna tukimngoja.

Kisha akanyoosha mkono, akachukua kipande, akakiweka kinywani. Alimeza. Akachukua kingine, akampelekea nyanya mdomoni.

Mama alitaka kumzuia. Nyanya alimwashiria amwache. Akapokea kile kipande kwa midomo, akakishika hapo, bila kumeza na bila kutema, mpaka mtoto aliporidhika akarudia sahani. Ndipo alipokitoa polepole kwa vidole na kukifunga ndani ya pindo la leso yake.

Mdogo wangu alipona. Ilichukua miezi, na nyanya alibaki nasi hadi alipotembea mwenyewe hadi mferejini. Kila mchana alikaa kwenye kigoda kile. Hakuwahi kula yai, na mama hakuwahi kumwomba.

Lakini siku ile ya kwanza, sahani ilipokuwa tupu, alianza kuzungumza. Alitaja majina ya watoto wake waliokufa, ambayo hata baba hakuwa amewahi kuyasikia yote, kwa kuwa kwetu hayakutajwa. Aliyataja kwa mfuatano wa kuzaliwa kwao. Na kwa kila mmoja alitueleza alichopenda kula. Mmoja alipenda viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu, akivila na maganda. Mwingine alipenda uyoga wa msimu wa mvua, na alikuwa akiamka mapema kumkumbusha wakautafute. Mwingine alipenda kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi, na akiwala alikuwa akicheka peke yake. Alipofika kwa wa mwisho alisema huyo alikuwa mdogo mno, hakuwa bado amejua anachopenda.

Mama aliondoa sahani polepole ili isigonge. Alikwenda nyuma ya pazia akarudi na kikombe cha chai, akampa nyanya kwa mikono miwili, kisha akakaa naye pale mkekani akiwa na kikombe chake mwenyewe, akanywa.